Kampuni mbili, kebo moja: kisa cha ofisi ya forodha Mombasa, Februari 2012

Kisa hiki ni cha ofisi ya wakala wa forodha iliyoko kisiwani Mombasa. Jina la ofisi, la mwenyewe na ya kampuni za intaneti zilizohusika nimeyaondoa, na alama za mtaa pamoja na idadi ndogondogo nimezibadilisha ili isitambulike. Mimi nilikuwa fundi wao wa mtandao wa kuitwa, si wa kuajiriwa. Sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu.

Usuli: nchi ilivyofika hapo

Hadi 1999 simu na posta Kenya zilikuwa nyumba moja, Shirika la Posta na Simu lililozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ndiyo iliyoigawa nyumba hiyo: Posta ikaenda zake, Telkom Kenya ikachukua simu, na Tume ya Mawasiliano, CCK, ikawekwa kuwa mdhibiti. Telkom iliachiwa ukiritimba wa lango la kwenda ng'ambo hadi 2004. Ukitaka kuuza intaneti, ulinunua njia ya nje kwake, na njia yenyewe ilikuwa satelaiti. Satelaiti ya aina hiyo inakaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na megabiti moja kwa mwezi ilikuwa ikihesabiwa kwa maelfu ya dola. Aliyewahi kukaa saiba za Digo Road akingoja ukurasa ufunguke huku dakika zinahesabiwa anajua ninachosema.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo litarudi kwenye kisa chetu. Mwaka 2000 kampuni za intaneti zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili barua ya Mkenya kwenda kwa Mkenya isilazimike kupanda satelaiti, ifike ng'ambo, kisha irudi. Telkom ililalamika kwamba kituo hicho kinaingilia haki yake ya ukiritimba, na kikafungwa. Kilifunguliwa tena 2002 baada ya mvutano mrefu. Watu wengi huruka habari hii wakisimulia historia ya mawasiliano nchini, wakakimbilia simu za mkononi na M-Pesa. Mimi naiona ndiyo yenye mafunzo zaidi.

Halafu zikaja kebo za baharini. Mazungumzo ya EASSy, ya kuunganisha nchi za pwani ya mashariki ya Afrika, yalianza 2003 na kukwama kwenye ubishi wa nani atamiliki nini. Serikali ya Kenya ilichoka kungoja, ikashirikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu na kampuni za simu za hapa kuvuta kebo yake, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Juni 2009 Rais Kibaki aliipokea kwa sherehe Fort Jesus. Mwezi uliofuata kebo nyingine, SEACOM, ikawashwa, na 2010 EASSy nayo ikafika. Mji uliokuwa ukiazima anga ukawa mlango wa intaneti wa nchi nzima, na wa jirani kama Uganda na Rwanda.

Mwaka mmoja kabla ya TEAMS kufika, 2008, CCK ilikuwa imebadilisha utaratibu wa leseni. Badala ya kutoa leseni kwa kila teknolojia, iliweka ngazi: mwenye miundombinu, mwenye kuuza huduma juu ya miundombinu ya wengine, na mwenye maudhui. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa kampuni ya intaneti kamili, yenye nembo, ofisi na magari, bila kumiliki hata mita moja ya faiba. Bei zilishuka kwa sababu hiyo, na kisa chetu pia kilianzia hapo.

Ofisi yenyewe

Ni orofa ya pili, si mbali na Moi Avenue, watu wapatao kumi na watano. Mwenyewe ni mzee wa mji ambaye sote tulimwita Ami. Alianza kazi ya kutoa mizigo zama za karatasi na mihuri, alipokuwa akitembea na faili kwapani kutoka meza hadi meza. Kufikia 2012 kazi ilikuwa kwenye mtandao. Entri za forodha ziliingizwa kwenye mfumo wa Simba wa mamlaka ya ushuru. Hati za shehena na maagizo ya kukabidhiwa kontena zilikuja kwa barua pepe kutoka kwa mawakala wa meli. Wateja walioko Kampala na Dubai nao walitaka majibu saa ile ile.

Mwaka 2010, baada ya kukatikiwa mara tatu ndani ya mwezi, Ami aliniita.

"Mwanangu, nataka laini mbili. Moja ikifa, nyingine ishike."

Tukanunua. Ya kwanza ilikuwa faiba iliyoingia kwa ukuta wa nyuma, ya pili antena juu ya paa iliyotazama mnara. Kampuni zilikuwa mbili tofauti, zenye mikataba miwili na ankara mbili. Muuzaji wa laini ya pili alituhakikishia kwamba hiyo ni akiba kamili. Sikumuuliza akiba ya nini. Nilifunga ruta yenye uwezo wa kuhama yenyewe, nikaijaribu kwa kuchomoa waya wa faiba, ikahama kwa sekunde chache, na Ami akafurahi.

Mtiririko wa matukio

Katikati ya Februari 2012 kebo tatu zilikatika kwenye Bahari ya Shamu, EASSy ikiwa mojawapo. Ofisini hakuna aliyehisi chochote cha maana. Mawasiliano mengi ya nchi yalikuwa yakipita TEAMS.

Jumamosi tarehe 25 Februari, meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, nje ya Mombasa. Nanga ikaikata TEAMS.

Ofisini, karani mkuu, mama aliyeifanya kazi hii miaka mingi kuliko umri wa ruta zangu zote, aliona barua pepe hazishuki kuanzia mchana. Alizima ruta akaiwasha. Alipiga simu kwa kampuni ya faiba, akaambiwa wanashughulikia. Akachomoa faiba kwa mkono ili antena ishike, na mambo yakawa yale yale. Kwa mantiki yake, ambayo ilikuwa sahihi kabisa, laini mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja, kwa hiyo kilichoharibika ni kitu cha ofisini. Akanipigia mimi.

Jumapili nilikwenda. Nilikagua swichi, nyaya na kompyuta zenye virusi, nikapoteza saa tatu. Jioni nilifanya jambo ambalo lingekuwa la kwanza: nikafuatilia njia hatua kwa hatua, kwanza nikiwa kwenye faiba, kisha kwenye antena. Hatua za mwanzo zilitofautiana. Baada ya hapo, zote mbili ziliingia kwenye vifaa vya kampuni moja, ile ya faiba, na kufia mahali pamoja. Kampuni ya antena ilikuwa mpangaji kwenye nyumba ya ile ya kwanza.

"Ami," nilimwambia kwa simu, "hizi laini mbili ni milango miwili ya chumba kimoja."

Alinyamaza kidogo. "Na miaka miwili nalipa kodi ya vyumba viwili?"

Jumatatu asubuhi ndiyo siku niliyoiogopa. Meli ilikuwa imeshusha mizigo mwisho wa wiki, na kontena kumi na moja za wateja wetu zilikuwa uwanjani, siku za bure zinahesabika. Zikiisha, bandari inaanza kutoza uhifadhi na mwenye meli anaanza kutoza ucheleweshaji wa kontena, na mteja hataki kusikia habari za nanga.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Ami mwenyewe, na aliutoa kabla ya chai kuisha: rudini kwa miguu. Alituma vijana wawili kwenye ofisi za mawakala wa meli, wakachukue maagizo ya makontena kwa mkono, yamepigwa muhuri. Vijana walishangaa. Hawakuwahi kufanya kazi hiyo bila barua pepe, na mmoja hakujua ofisi ya wakala iko wapi ingawa alikuwa akiandikiana nayo kila siku. Iko mwendo wa dakika saba. Kila asubuhi, hati iliyotoka jengo lile kuja letu ilikuwa ikienda hadi seva iliyoko ng'ambo, ndipo irudi Mombasa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu: kununua modemu za kuchomeka kutoka kampuni tatu za simu, nizijaribu moja moja. Sababu yangu ilikuwa ya kubahatisha, sitaki kujipamba. Sikujua ipi inapita kebo ipi, wala hapakuwa na mahali pa kuuliza nikajibiwa. Mbili zilikuwa nzito kama laini zetu. Ya tatu ilikwenda vizuri, maana kampuni hiyo ilikuwa na nafasi kwenye kebo nyingine iliyokuwa nzima. Tukaipa kompyuta moja tu, ya karani mkuu, tukakataza mtu yeyote kuigusa kwa jambo lisilo entri. Kulikuwa na manung'uniko.

Uamuzi wa tatu ulichelewa, na kuchelewa kwake ndiko kunakoniuma hadi leo. Mfumo wa forodha uko nchini. Njia ya kwenda huko haivuki bahari: inatoka Mombasa kwa faiba ya nchi kavu, inafika Nairobi, na kampuni zikikutana KIXP mambo yanaishia hapo. Kwa nini basi Simba haikufunguka kwenye laini zetu? Jumatatu usiku ndipo nilipokumbuka kwamba miaka miwili nyuma niliiwekea ruta seva ya majina iliyoko ng'ambo, kwa sababu ilikuwa na kasi kuliko ya mtoa huduma. Kompyuta ilipotaka kujua anwani ya forodha, ilikwenda kuuliza nje ya nchi, na njia ya nje ilikuwa imesongamana. Mwenye nyumba yuko mtaa wa pili, lakini anayejua namba ya mlango wake yuko ng'ambo. Nilibadilisha mstari mmoja kwenye ruta. Kabla ya saa mbili asubuhi ya Jumanne, Simba ilifunguka kwenye kompyuta zote.

Mama karani hakunipongeza. Aliuliza tu, "Kumbe hata jana ingewezekana?" Ndiyo, hata jana.

Matokeo

Kontena nane zilitoka ndani ya siku za bure. Tatu zililipiwa uhifadhi, na Ami aliugawa mzigo huo na wateja nusu kwa nusu. Mmoja wao hakurudi tena. Kebo yenyewe ilichukua wiki kadhaa kutengenezwa, kwa sababu meli ya ukarabati haiitwi kama teksi. Kwa wakati huo kampuni zilizokuwa na nafasi SEACOM zilihamisha wateja wao huko, na intaneti ya nchi ikarudi ikichechemea.

Baadaye tulifanya mambo matatu. Barua pepe tuliihamishia kwenye seva iliyoko nchini. Seva ya majina tukaweka mbili, ya kwanza ya hapa nyumbani. Laini ya antena tuliivunja mkataba, tukachukua ya kampuni iliyokubali kuandika kwenye mkataba kwamba njia yake ya nje haipiti TEAMS wala haikodi kutoka kwa kampuni yetu ya kwanza. Ilikuwa ghali zaidi, kwa kiasi cha kuonekana.

Ningependa kuishia hapo, lakini baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa Ami aliikata laini hiyo. Alisema haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Nilibishana naye, nikashindwa. Na siku wachimbaji wa barabara walipokata faiba ya nchi kavu upande wa bara, ofisi ilikaa gizani siku nzima na vijana wakarudi kwa miguu. Safari hii walijua njia.

Uchambuzi

Nikianza na lililofaa: miguu ilifaa. Sisemi kwa mzaha. Ofisi ilikuwa na watu waliokumbuka kazi ya karatasi, na mwenyewe hakuona aibu kurudi nyuma. Ofisi changa zaidi nilizohudumia wiki ile zilikaa zikingoja.

KIXP nayo ilifaa, ijapokuwa mimi niliiziba kwa mstari mmoja wa ruta. Kwa hesabu ya 2000, kituo kile kilikuwa ushindani usio halali na haki ya Telkom. Kwa hesabu ya Februari 2012, ndicho kilichofanya huduma za ndani ziendelee kupatikana wakati bahari imefungwa. Sera iliyotazama mapato ya mwenye lango peke yake nusura iufunge mlango wa dharura wa nchi. Walioupigania, yaani chama cha watoa huduma za intaneti, hawakuwa wakifikiria nanga. Walifikiria gharama ya satelaiti. Wakati mwingine kinga hupatikana hivyo, kwa sababu nyingine kabisa.

Lililoshindwa la kwanza ni ruta. Niliifunza kupima uhai wa laini kwa kubisha mlango wa kwanza wa mtoa huduma, hapo hapo Mombasa. Mlango uliitika muda wote. Kwa hiyo hata kama antena ingekuwa na njia yake, ruta isingehama. Nilikuwa nimejaribu kuchomoa waya, yaani kifo, na sikujaribu ugonjwa.

La pili ndilo kubwa, na si la ofisi peke yake. Ami alinunua majina mawili akidhani amenunua njia mbili. Nani angemwambia? Muuzaji hakusema uongo kwa maana ya sheria: kampuni yake ilikuwa na leseni yake, antena yake na ankara yake. Utaratibu wa 2008 ulimruhusu kuuza huduma juu ya miundombinu ya mwingine, na ni utaratibu mzuri. Bila huo ofisi ya watu kumi na watano isingekuwa na hata laini moja ya bei ile. Lakini sera ilihesabu ushindani kwa idadi ya leseni. Wauzaji wakiwa kumi, tunasema soko limefunguka. Hakuna aliyelazimika kumwonyesha mnunuzi kwamba kati ya wale kumi, kadhaa wanapita bomba moja. Mkataba wa kawaida uliahidi kasi, ukaahidi na asilimia za kupatikana kwa huduma, kisha mahali fulani chini ukatoa majanga ya baharini kama jambo lililo juu ya uwezo wao. Kwa mji unaoishi kwa bahari, kifungu hicho kilipaswa kusomwa kwanza.

Nanga nayo. Kebo iko chini ya sekta ya mawasiliano, meli iko chini ya sekta ya bahari na bandari. Ramani za baharini zinaonyesha mahali pasipotiwa nanga, na nahodha anawajibika kuzisoma. Ila foleni ya meli nje ya Kilindini ni suala la bandari, na foleni ikirefuka, meli nyingi zaidi zinatafuta pa kusimama. Msongamano wa kontena na kukatika kwa intaneti vinakutana kwenye mnyororo wa nanga. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 ilileta utaratibu wa kutambua miundombinu nyeti ya taifa, na hilo ni hatua. Lakini anayeiona meli ikiteremsha nanga hakai kwenye ofisi ya kompyuta.

Je, kebo zaidi ni dawa? Kwa sehemu, ndiyo. Tangu hapo Mombasa imepokea LION2, DARE1, PEACE na nyinginezo, na sidhani nanga moja leo ingefanya kama ile ya 2012. Ila Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, tarehe 12, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Kenya ikapunguziwa kasi kwa siku kadhaa. Zilikuwa kebo mbili za wamiliki tofauti, zilizolala kwenye kipande kimoja cha bahari. Na miezi michache kabla, kebo zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu kwa wakati mmoja. Ni hadithi ya orofa ya pili ya Moi Avenue, imekuzwa.

Hata ndani ya mji jambo ni hilo hilo. Kisiwa kina vivuko vichache: Daraja la Nyali, Makupa na jirani yake Kipevu, na Likoni ambako ni feri. Faiba yoyote ya nchi kavu lazima ichague mojawapo, na wachimbaji hupenda mtaro uliokwisha kuchimbwa kwa sababu kibali cha mtaro mpya ni safari ya ofisi nyingi, za barabara na za kaunti. Kugawana mtaro kunapunguza gharama, kunaokoa lami, na kunaweka mayai yote chini ya jembe moja la tingatinga. Ningekuwa mwenye kutoa vibali, ningeruhusu mtaro wa pamoja kila mahali isipokuwa penye daraja.

Ami bado yupo kazini. Wauzaji wa intaneti wakija siku hizi, hawapi nafasi ya kufungua kompyuta zao. Anawasukumia karatasi na kalamu na kusema, "Nichoree njia, kutoka hapa mezani mpaka ng'ambo." Wengi huchora wingu. Wa mwisho niliyemshuhudia alikuwa kijana mwerevu, akachora mistari miwili mizuri, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu. Ami aliifuata kwa kidole taratibu, na ilipofika Makupa ikawa mmoja. Akamrudishia kalamu.